Jiwe la Mwisho la Mama

Jumanne. Mawingu yamekaa juu ya Kharumwa tangu asubuhi kama wageni wasiosema walichofuata, na mimi nina malengelenge mawili kwenye kisigino.

Wanaonijua wanajua. Nimefika Kampala, Lubumbashi, na Dubai nilikaa siku nne nikalizoea joto lao kama mzaliwa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Leo njia ya mbuzi imenishinda.

Alhamisi Mama anakatwa mguu. Kisukari.

Juzi aliniita kitandani akanipa jiwe la ukubwa wa yai. Alipokuwa bado bi harusi mgeni hapa Kharumwa, kila alipokwenda kwao, upande wa Bugarama, alipita njia ya zamani ya miguu inayokata majaruba ya mpunga, inavuka mto na kupanda kilima. Kule juu kuna lundo la mawe. Kila mpitaji anaongeza lake, ili safari iwe nyepesi.

“Kaniwekee la mwisho,” alisema. “Na uende kwa miguu. Ukipanda bodaboda, jiwe litajua.”

“Mayu, mimi kutembea ndiyo kazi yangu. Kule Dubai...”

“Dubai hakuna kilima. Nenda.”

Basi leo nikaenda, na raba zangu nyeupe. Kule bondeni tope likameza moja. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mpunga akacheka mpaka akashika kiuno: “Baba Kulwa, harusi iko wapi?” Nikacheka naye, nikakaa, nikapiga soga ndefu. Nilikuwa sitaki kufika.

Kwa sababu nilijua.

Lundo halipo. Miaka ile watu walipovamia kilima kutafuta dhahabu, mmoja alisema yale mawe meupe yanayo. Tulikuwa saba. Tukayajaza kwenye salfeti, tukayapeleka kwenye karasha, yakasagwa yakawa unga. Dhahabu iliyotoka haikutosha kuziba jino la panya. Na mwenye sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi: “Mawe ya mabibi haya, yamekaa bure!”

Ya Mama yalikuwemo. Mengine aliyaweka mimi nikiwa mgongoni kwake.

Leo juu pale nimekuta shimo lenye maji ya kijani. Kuliacha jiwe lake peke yake nikaona ni kama kumwacha mtoto mnadani. Nikarudi nalo mfukoni.

Nilipoingia tu, akauliza: “Lundo limefika wapi sasa?”

“Hapa, mayu.” Nikajipiga kifuani kuonyesha kimo.

Akafumba macho, akatabasamu. “Basi wengi wamepita.”

Nimewadanganya maofisa wa mipaka mitatu nikalala usingizi mzuri. Huu uongo wa leo umekataa kushuka.

Jiwe liko hapa mezani, linanitazama ninavyoandika. Wale sita nimeshawapigia simu. Wawili wamenitukana, lakini wote wamesema watakuja, kila mmoja na jiwe lake. Kesho tunapanda, kwa miguu. La Mama ndilo litatangulia chini.

Nikirudi nitamwambia ukweli, kabla ya Alhamisi. Ila nimehesabu: mawe manane, la Mama na yetu saba, hayapiti kifundo cha mguu. Sasa mtu anayekwenda kukatwa mguu akikuuliza lundo limefika wapi, wewe mwenye mdomo mrefu, utamwonyesha wapi?