Masizi ya Jikoni kwa Mama Nkwabi

Nyarugusu, 6 Machi 1988

Nkwabi,

Hatujambo, wachimbaji tusiosoma. Barua yako imefika. Kurasa nne! Nimezisoma mwaloni, mimi na mchimbaji mwenzangu Theonest tukiosha mawe yetu ya dhahabu, tumecheka hadi karai likatuponyoka. Serikali ikupeleke Leningrad miaka mitano, ukasome vumbi la angani? Vumbi tunalo hapa, njoo ujichotee. Eti kusini kabisa mwa dunia, juu ya barafu, gesi ya mafriji inakula hewa inayotukinga na jua. Nani anaishi huko? Hata kunguru hayupo.

Mama yako anakusalimu. Kila kikombe cha chai anakimwaga kama mlevi. Namwambia aache uzembe.

Baba yako, Maduhu

Leningrad, 29 Aprili 1988

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Cheka tu, ndicho unachokiweza. Gesi ile ikielea peke yake imelala. Ikipata chembe ya barafu ya kutua, hapo ndipo inageuka, na jua likichomoza inaila ozoni. Kinachopanda hakipotei, Baba, kinatafuta pa kukaa.

Bado unachomea zebaki ya kunasia dhahabu jikoni kwa Mama, mlango umefungwa, watu wasione umepata dhahabu kiasi gani? Mvuke wake unashika masizi ya paa, unamrudia yeye. Kumwaga chai si uzembe, ni sumu. Nimeyajua haya tangu mwaka wa pili. Ni ujinga, Baba, nasema wazi. Chomea nje, na umpeleke hospitali.

Mwanao, Nkwabi

Leningrad, 15 Julai 1988

Baba, shikamoo. Sijapata jibu. Mama anaendeleaje?

Mwanao, Nkwabi

Nyarugusu, 18 Septemba 1988

Nkwabi,

Tuko hai. Uliniita mjinga, mimi niliyekusomesha kwa nyundo! Nilikasirika miezi miwili, nikaendelea kuchomea mle mle, makusudi. Kisha nikakwangua masizi ya paa, nikayaosha kwenye karai mbele ya Theonest, ili tukucheke vizuri. Masizi yakaenda na maji. Chini zikabaki punje nyeupe zinazong'aa, zikakimbiliana, zikawa tone moja kubwa kama harage. Theonest hakucheka. Ilikuwa zebaki yangu. Miaka tisa nasema imekwenda hewani, kumbe ipo juu ya sufuria ya mama yako.

Jiko nimelibomoa. Hospitali wamesema huenda mikono yake isitulie tena. Sasa chai namnywesha mimi, na kazi yenyewe siiwezi, namuunguza midomo, naye ananicheka.

Lakini wewe msomi usijione. Uliyajua tangu mwaka wa pili, ukaniandikia kurasa nne za mbinguni, na ya mama yako mstari mmoja: nisalimie Mama. Mjinga mwenzangu. Hiyo barafu waachie wenyewe, uje tumshikie kikombe.

Baba yako, Maduhu