Kwa Daktari wa Chupa, Aliyeikataa Mbegu Yake Mwenyewe

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoinama dukani kufungua gunia la mbegu na hukuinuka tena. Madaktari walikuhangaikia siku tatu. Ya nne tukakuchukua kwenda kukuzika. Tumeona tuandike machache, maana waliokujua katika mji huu walikujua kama muuza mbegu, na waliokujua kule kituoni waliacha kukutaja.

Ulikuwa mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti wa pamba kwa miaka kumi na tisa. Jina la Daktari wa Chupa ulipewa na wafagizi wa maabara, waliokukuta kila asubuhi umeinamia safu za chupa za kioo, ndani yake vipande vya jani la pamba visivyozidi ukucha. Pamba ina kiburi, ulikuwa ukituambia. Mimea mingine ukikata kipande ukakilisha, kinachipua. Pamba inakutazama tu. Ilikuchukua miaka minne mche mmoja kusimama kwa mizizi yake. Siku hiyo ulirudi nyumbani, ukala, ukaosha vyombo, ndipo ukasema, "Imesimama." Baba akainua macho kuitazama saa ya ukutani.

Pamba hiyo uliitia kinasaba cha kuifanya ijilinde yenyewe na funza wa vitumba, mdudu anayelitoboa tunda kabla halijapasuka na kumwachia mkulima maganda. Kwa misimu miwili ya majaribio funza walikula, wakafa. Kituo kikapanga siku ya kuwakabidhi wakulima mbegu.

Msimu wa tatu uliwakuta funza hai. Kumi na mmoja, katika kipande kimoja cha shamba, wanene, wamejikunja ndani ya vitumba vya pamba yako. Wakati huo turubai zilikwisha kufungwa uwanjani na wageni wamealikwa. Mkuu wa kituo alikuita ofisini. Maongezi yenu ulitusimulia mara moja tu, bila kuyatia chumvi.

"Kumi na mmoja si kitu, Daktari," alisema. "Hao wamepotea njia."

"Funza hapotei njia, mkuu. Hao wamejifunza."

"Sasa wageni niwaambie nini?"

"Kwamba mbegu bado."

"Mbegu yenyewe ni yako. Utamkataa mtoto wako?"

"Kwa kuwa ni wangu, najua anaumwa nini."

Fomu ya kuidhinisha ilihitaji saini yako, nawe hukutia. Turubai zikakunjwa. Baada ya mwezi walikuhamishia stoo, ukawa unahesabu chupa zilezile ulizokuwa ukizifanyia kazi. Ulizihesabu kwa uaminifu majuma sita, kisha ukaandika barua ya kuacha kazi.

Ulirudi katika mji huu mdogo, ambako Baba alikuwa ametangulia kufungua karakana ya magodoro ya pamba, ukamwomba nusu ya chumba cha mbele. Alikupa, akachora mstari wa chaki sakafuni. Manyoya ya pamba yalivuka mstari huo kila siku, na mbegu nazo zikavuka kwenda upande wake, na hakuna aliyeshitakiwa. Ndivyo duka lilivyoanza.

Kabla ya kuuza gunia lolote ulichukua punje mia, ukazifunga katika taulo lenye maji, ukangoja siku saba. Zikiota themanini na tano, unauza. Zikipungua, gunia linarudi lilikotoka. Taulo ulilitandika juu ya meza pale mlangoni, kila mtu ajihesabie. Seremala wa jirani alikucheka.

"Msomi mzima, kazi yako kulowesha mataulo?"

"Na wewe mbao huzipimi kabla ya kukata?"

Wenye maduka wenzako walinuna, na msambazaji mmoja akakususia kabisa. Mwaka wa kwanza wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kufikia wa tatu, wakulima walikusubiri wameketi juu ya magodoro ya Baba, naye akilalamika kwamba anauza mali mpya iliyokwisha kukaliwa na wilaya nzima.

Hukuwa mtu wa kubembeleza. Tulipougua ulikaa kando ya kitanda ukisoma, na kila ulipofungua ukurasa uligusa paji la uso la mgonjwa. Mdogo wako, ambaye ni muuguzi, alisema unatulea kama miche. Hatukuona ubaya wake.

Mwaka wa sita alikuja mtafiti wa kituoni, mwanamke aliyerithi meza yako. Aliomba madaftari yako. Mwanao wa kwanza, mwalimu, alikuwapo, akakuvuta uani.

"Mama, hawa walikutupa stoo. Leo wanataka jasho lako? Usiwape."

"Madaftari yale niliyaandika ya nini?"

"Ni yako."

"Ni ya pamba."

"Hata ahsante hutapata."

"Hilo ni lao, mwanangu."

Ulimpa mgeni yote kumi na manne. Ukakaa naye mchana kutwa ukimweleza kwamba mkulima apande pia mistari ya pamba ya kawaida pembezoni mwa shamba, ili funza wasio sugu wabaki hai, wazaane na wale wachache walio sugu, na usugu usienee. "Mwachie mwizi mlango mmoja," ulimwambia, "usije ukamfundisha kubomoa nyumba." Mwanao aliondoka bila kukuaga. Kwa miezi mitano hakupiga simu.

Mbegu ilitolewa miaka mitatu baadaye. Uliisikia redioni, ukishona mdomo wa gunia. Walishukuriwa watu tisa kwa majina yao.

"Hawakukutaja," Baba alisema.

"Ile mistari ya pembeni wameitaja?"

"Wameitaja."

"Basi wamesoma," ulisema, ukakata uzi.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo, fundi magodoro. Mwanao wa pili, dereva, na mkaza mwanao. Wajukuu zako watatu. Mdogo wako muuguzi. Na mwanao wa kwanza. Huyu wa kwanza alirudi kukupigia simu, mkawa mnazungumza ya mvua na ya wajukuu, ila lile la uani hamkuligusa tena. Msimu huu amepita katika mashamba ya wazazi wa wanafunzi wake, akaona pamba imepasuka, nyeupe, mpaka pembezoni. Anaomba iandikwe hapa, mbele za watu, kwamba wewe ulikuwa sahihi na yeye alikosea, kwamba alikuwa na miaka mizima ya kukuambia hivyo, na kwamba hakukuambia.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za uhai wetu.