Penalti Yangu Imegeuzwa Kondoo

Elwak,
Penye mashine ya maji

Dada yangu Halima,

Assalaam aleikum, wewe na wote waliomo nyumbani. Magoti ya mama yanaendeleaje? Yale mafuta ya simsim niliyotuma aliyapaka, au mliyakaangia? Mimi ni mzima kabisa isipokuwa mguu wa kulia, na moyo, ambao unachemka kama rejeta ya lori.

Siwezi kuja harusini. Nimelisema mapema ili usinilaani katikati ya barua. Niliahidi kusimama kwa Zaituni wetu kama mjomba wake wa pekee, na ahadi sikuivunja mimi. Imevunjwa mchana kweupe, mbele ya watu wa nchi tatu. Nitakueleza yote uone dhuluma hii.

Unajua ofisi hainipi ruhusa. Mashine hii ya kisima imewashinda mainjinia wa Nairobi, inatambua kikohozi changu tu, na nikiondoka ngamia wa Elwak watameza mate. Basi Mzee Abdille, mfanyabiashara wa mifugo ambaye ni mwenyeji wangu tangu nifike huku, akaandaa mashindano ya kirafiki kabla ligi hazijaanza. Ya kimataifa, dada! Sisi Elwak, vijana wa Eldas, Wahabeshi waliokuja na lori lao, na timu ya ng'ambo ya mpaka, Somalia, ambao bunduki zikinyamaza kidogo tu huingia uwanjani. Mshindi anapakiwa kwenye lori la Abdille mpaka huko kwenu Garissa, kucheza na timu ya hapo. Akaniombea ofisini: tukishinda, fundi aende na timu. Ndiyo maana nilikuandikia nakuja na kombe mkononi. Sikuwa najisifu. Nilikuwa natoa taarifa.

Umri wangu unaujua, usiutaje mbele ya watu. Lakini vijana wa hapa huniita abti, ndiyo mjomba kwa Kisomali, na wao ndio waliosema bila abti mbele hawachezi. Mechi ya kwanza na Wahabeshi nilipiga shuti kutoka katikati ya uwanja, golikipa wao akaukwepa mpira. Kocha akamfokea. Akajibu ana watoto.

Fainali tukakutana na watu wa ng'ambo. Hakuna aliyemfunga mwenzake mpaka jua likaanza kulegea. Nikapata mpira, nikampita wa kwanza, nikampita wa pili, wa tatu akakaa chini mwenyewe. Naingia kumi na nane, nimebaki na golikipa, mara akaja beki mmoja anaitwa Guled, kifua kama mlango wa ghala, akanikanyaga mguu huu. Mlio wake ulisikika Wajir! Refa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akapuliza: penalti. Hata mama mzazi wa Guled angetoa penalti ile.

Nikasema nibebeni mpaka pale, napiga kwa kushoto. Hapo ndipo watu wetu walipookota fimbo, na wa ng'ambo nao wakaokota zao. Wazee wa pande zote wakaingia uwanjani, wakatandika misala ndani ya kumi na nane, wakakaa. Mmoja alikalia nukta yenyewe ya penalti! Refa anapuliza filimbi, yeye, ambaye herufi p haimo kinywani mwake, anamwambia, "Warya, mwalimu, bunguza kelele, watu wanazungumza."

Huku, dada, mtu akiumizwa hadai mwenyewe. Watu wake hukaa na watu wa aliyemuumiza, wakakubaliana mifugo, yakaisha. Sawa, kwa visu na risasi. Lakini kwa mpira? Na mimi mtu wa mashamba ya mtoni, ukoo huku sina, nikadhani nitajisemea. Nikafungua mdomo.

"Fundi, nyamaza," akasema Abdille. "Mguu ni wako, kesi ni yetu."

Wa ng'ambo wakasema wanatoa kondoo dume, mnene.

"Na penalti?" akauliza refa.

"Benalti gani tena?" akasema yule aliyekalia nukta. "Kosa moja mnataka kulipwa mara mbili?"

"Basi chukueni kondoo wenu, mnipe penalti yangu!" nikapiga kelele.

"Kondoo amekwisha kubaliwa. Fatiha."

Wakainua mikono. Na mimi, dada, kwa mazoea tu ya ulimi, nimelala kwenye vumbi na mguu wangu, nikasema amin. Amin hiyo inanichoma kuliko mfupa! Kila nikilalamika wananiambia, "Lakini abti, wewe mwenyewe uliitikia."

Mchezo ukaendelea bila mimi, wakatufunga. Garissa wanakwenda wao. Mguu wangu umefungwa vijiti na fundi wa mifupa ambaye wagonjwa wake wengine wote ni ngamia.

Abdille alipoleta maziwa kunipa pole nilimuuliza kwa nini ameuza bao langu. Akasema, "Nilisikia fimbo zikiokotwa. Ungefunga, leo tungekuwa tunazika. Tena mtu asiye na watu hapa halipwi hata mbuzi. Wewe umelipwa." Nikamwambia ningechagua bao. Akasema, "Najua. Ndiyo sababu hukuulizwa."

Nikayanywa maziwa yake yote, kwa hasira.

Kisha akatoa hukumu nyingine: aliyenizuia kwenda, aende badala yangu. Basi Guled huyo atafika kwako na lori la timu, na kondoo wangu. Alikuja kuniaga, akainama mlangoni ili aingie, ananiita abti, anauliza mjomba hufanya nini harusini. Nikamwambia, unasimama mlangoni, bwana harusi humpishi kirahisi mpaka ajieleze vizuri. Akasema, "Hiyo naiweza." Sikucheka. Nilikohoa tu.

Mketishe mahali pangu. Zaituni mwambie mjomba wake ametuma mlango na nyama. Mkila, msiseme mnakula kondoo. Mnakula bao la fainali.

Nisalimie mama na magoti yake, shemeji yangu muuza ndizi, shangazi anayelala saa za wageni, na jirani wa kinu cha kusaga. Huyo mwambie nilifunga, atakosana na mimi akisikia vingine.

Guled mpe ale ashibe, ni mgeni wetu. Ila mguu wa kulia wa kondoo asipewe. Mwekee mama.

Ni mimi kaka yako, niliyesema amin lakini bado sijakubali,

Bakari, fundi wa mashine