Munakata Shigezo, Mtu wa Ndani ya Daigoran

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipotuacha hospitalini asubuhi ile ya mvua. Juzi mtawa wa Kibuddha alikuja nyumbani kukusomea sala, tukafukiza ubani, na Mama akakuwekea chai baridi ya shayiri mbele ya picha yako. Enzi zako ulikuwa unalimaliza birika zima ukiwa bado umesimama mlangoni.

Ulikuwa mtu mpole. Hukuwahi kumwinulia mtu mkono nyumbani, wewe ambaye kazini ulipigana na madubwana kila wiki na nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Ulirudi mabega yamebabuka kwa baruti, soksi zinachuruzika jasho, ukasema, "Leo nimeanguka vizuri." Mama alikupaka dawa huku akisonya. "Eti umeanguka vizuri! Hebu geuka huku."

Majirani waliambiwa unauza vipuri vya magari; sisi wa nyumbani tu ndio tulioijua kazi yako. Kampuni ilikuwa na sharti lake: watoto wasijue kamwe kwamba ndani ya Daigoran, shujaa wa kipindi, kuna mtu. Lile ni roboti, ni chuma, na chuma hakitoki jasho. Uliahidi, na wewe ukiahidi umeahidi. Tungekusifu sana kwa hilo kama isingekuwa Yoshinari.

Kaka yangu alikuwa na miaka tisa. Siku moja uvumilivu ulimshinda, akasema mbele ya darasa, "Daigoran ni baba yangu!" Wenzake wakamvamia kwa vicheko. "Muongo we! Kwa hiyo baba'ako anaenda chooni na yale mapembe?" "Mwambie aje aubomoe huu ukuta basi!" Akampiga mmoja ngumi, jino likatoka, na wewe ukaitwa shuleni.

Mimi nilikuwa nje kwenye korido, nimemshikia Yoshinari mkoba wake, nina hakika leo utasema kweli. Mbele ya mwalimu na mama wa yule mtoto, uliinama mpaka kiunoni. Kisha ukamshika Yoshinari kisogo, ukamwinamisha na yeye.

"Tusamehe sana, Mwalimu. Mimi ni muuza vipuri tu. Huyu mtoto televisheni imemharibu."

Njiani alikuuliza, "Baba, mbona umenikana?"

"Niliahidi kazini."

"Na mimi je?"

Ulimnunulia kiazi kitamu cha kuchoma. Hakukila. Tangu siku hiyo hakukuita Baba tena. "Mwambieni muuza vipuri chakula tayari," ndivyo alivyosema, na wewe ulikuja mezani, ukala. Alipomaliza shule alihamia Hokkaido, kaskazini kabisa, na hajarudi.

Ulipolazwa nilimpigia simu. Akaniambia, "Aseme kwa mdomo wake kwamba sikudanganya. Neno hilo tu, nitakuja hata kwa miguu." Nikakuwekea simu mdomoni. Lile roboti lilikuwa limeshasahaulika na nusu ya nchi, na wale waliokuwekea sharti walikuwa wamekufa wengi wao. Ukasema, "Huko kuna baridi? Vaa vizuri." Akakata. Baba, hilo linatuuma kuliko kifo chako, na hatuoni aibu kukuambia.

Hakuja kukuzika. Aliyekuja ni bwana mmoja wa kampuni, na shada la maua kubwa kuliko la ukoo mzima. Aliniinamia sikioni: "Dada, tafadhali, kwenye tangazo la kifo msilitaje Daigoran. Mwakani tunalirudisha kwenye televisheni. Watoto wa sasa nao waacheni waote ndoto." Ukoo wetu tunajua kuinama. Gazetini tuliandika kwamba ameaga dunia muuza vipuri.

Mwaka huu nilimuuliza Mama tuandike nini kwenye tangazo la kumbukumbu. Akasema, "Andika kila kitu. Waje wanishtaki. Nina miaka themanini na mbili, watanifunga wapi?"

Basi wasomaji wajue. Wewe, Munakata Shigezo wa mji wa Chofu, ndiye uliyekuwa ndani ya Daigoran, kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Uliona dunia kupitia vitundu viwili shingoni mwa lile roboti. Ukizimia walikumwagia maji, ukainuka, ukarudia. Ulifanya watoto wa nchi hii wasiogope giza, na mmoja tu kati yao ulimwacha humo.

Unakumbukwa na mkeo Toshie, binti yako Mitsue, wakwe na wajukuu. Na mwanao Yoshinari, ambaye hakututuma tuliandike jina lake hapa. Yoshinari, ukilisoma tangazo hili huko uliko: ulisema kweli.

Hatutakusahau, Baba, hata siku ambazo tungependa.