Upepo wa Saidi

Alhamisi, Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika ghafla, na tangu hapo jua limekuwa likichoma juu ya matope. Mikono yangu inanuka mpira na sabuni. Nimelia tangu asubuhi na sioni sababu ya kuficha. Blogu hii ni yangu, asiyependa machozi apite.

Leo nimemtoa mdokozi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mume wangu Saidi alikuwa fundi wa matairi, na mimi ni fundi kwa sababu yake. Karakana yetu iko mbele ya nyumba, barabara ya kwenda Quionga, na wateja wetu ni magari ya 4x4, yale yanayopita mchangani. Tairi lililochomwa na msumari Saidi aliliita la jambazi: amekuja, amevunja, kila mtu ameona. Lakini lile linalopoteza upepo kidogo kidogo, unalala limesimama unaamka limelegea, hilo aliliita la mdokozi. Mdokozi haji na panga. Anachopoa kinofu chunguni kila akipita, mpaka siku unafunua unakuta mchuzi mtupu.

Wadokozi wengi wanatoka ufukweni. Dereva akitaka kupita kwenye mchanga laini hupunguza upepo ili tairi litanuke lisizame. Likilegea hivyo, mchanga unapenya pale mdomo wa tairi unapokutana na rimu. Ukijaza tena, punje zinabanwa humo humo na upepo unapita pembeni yake. Dawa yake si kubwa. Unalitoa, unapaka povu la sabuni uone linapochemka, unalibandua kwenye rimu, unasafisha, unarudisha. Magari ya watu nimeyafanyia hivyo mpaka nimechoka.

La kwetu sikuligusa. Kinyozi hajinyoi, watu hunitania, lakini si hiyo sababu.

Gari letu linakaa uani, nyuma ya jiko. Safari ya mwisho Saidi alilileta kutoka pwani ya Quionga limejaa nazi. Akayajaza upepo matairi yote, akalitazama la mbele kushoto, akatema mate kwenye kidole akapaka kwenye valvu. Hakuna povu, maana yake valvu haivuji. "Mdokozi yuko kwenye rimu," akasema. "Nitamtoa kesho."

Kesho yake vita viliingia mjini.

Tulikimbia kwa miguu. Tulipofika kwenye mikoko akaniambia nitangulie na wenzangu, yeye anarudi kumchukua mama yake. Mama alikuwa ameshatoka na majirani kwa njia nyingine. Tulikutana kule tulikokimbilia, mimi na mama mkwe, kila mmoja akichungulia nyuma ya mwenzake kama Saidi anafuata. Hakufuata. Hatujaona mwili, hatujaona kaburi, hatujapata mtu wa kutuambia alimwona wapi.

Tuliporudi, wezi walikuwa wamechukua mpaka milango ya nyumba. Gari waliliacha. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala bapa, na nadhani hawakuwa na subira ya kulijaza. Kwa hiyo gari letu limeokolewa na mdokozi, na hilo Saidi angelicheka mpaka akae chini.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, nakwenda uani na pampu yake ya mguu nalijaza lile tairi. Jioni limelegea, asubuhi najaza. Alisema atamtoa yeye. Sikutaka arudi akute kazi yake imefanywa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mimi.

Jana alikuja shemeji yangu Bakari, mdogo wake Saidi. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Mwalimu wa msikitini alishatuambia kwamba muda wa kumngoja aliyepotea umetimia, kilichobaki ni familia isome dua na mimi nikae eda. Bakari alikubali siku ile ile. Mimi na mama tulikataa, na kukataa huko kumetushikamanisha kuliko ndoa yenyewe.

"Shemeji, gari linaoza," akaniambia. "Pneu moja tu, pá! Tairi moja! Nipe nilitengeneze nibebe abiria."

Akachukua jeki akainama pale pale alipoinama kaka yake. Nikachemka.

"Liache! Upepo wa Saidi bado umo!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Bakari akaweka jeki chini akaondoka bila kuaga.

Ulikuwa uongo, na mimi fundi naujua. Tairi lile nililikuta bapa. Upepo wote uliomo umetoka kwenye mguu wangu. Lakini mwenye hasira hachagui neno, na mimi sikujua kwamba mama mkwe alikuwa jikoni anachuja tui.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni pangu, amevaa kanga safi, chetezo kinafuka ubani mbele yake. Akanishika mkono.

"Mwanangu, jana nimekusikia. Upepo wa Saidi umo. Umekuingia lini?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Kwangu upepo ni kitu cha pampu. Kwa mama, upepo wa mtu ukiwa ndani ya mtu mwingine, hiyo ni roho imekuja kutafuta pa kukaa. Alikuwa amelala na neno langu, akaamka nalo, na limemfikisha mahali ambapo mwalimu na Bakari na miaka yote hii hawakuweza kumfikisha.

"Kama uliorudi ni upepo wake," akasema, "basi mwenyewe hayuko. Nimekubali. Niambie tu, ananilaumu? Maana alirudi kwa ajili yangu."

Ee Mola wangu.

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Mama, nikamwambia, ni tairi, jana nilikuwa nasema tairi. Nikamshika mkono nikampeleka uani akaone mwenyewe. Hakukasirika wala hakuona haya. Aliinama kwa shida akaligusa lile la mbele kushoto kama anampima mtoto homa.

"Kwa hiyo humu mna upepo alioutia yeye?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui nini kilinigeuza shingo, nikaliona tairi la nyuma.

Yale mengine matatu tuliyakuta yamesimama. Yalikuwa yamelegea kidogo, nimeyaongeza mara moja moja, lakini hayajalala hata siku moja. Upepo alioutia Saidi, kiasi fulani bado kimo. Miaka yote hii nimepiga magoti mbele ya tairi lisilo na kitu chake, na yaliyo nacho nimeyapa mgongo.

Nikaleta kigoda, nikamketisha mama karibu na gurudumu la nyuma. Nikafungua kifuniko cha valvu, nikamwambia aweke kiganja. Nikabonyeza kile kipini cha ndani kwa ncha ya msumari.

Psss. Upepo wa vuguvugu, wenye harufu ya mpira mkuukuu. Mama akafumba macho. Nikaweka kiganja changu chini ya chake, nikapata ule ulioponyoka kwenye vidole vyake.

"Funga," akasema. "Funga, mwanangu. Usiumalize."

Nikafunga.

Akajifuta uso kwa kiganja kile kile. Halafu tukalia kwa sauti, kilio cha msiba, kile tulichokizuia tangu siku ya kukimbia. Majirani waliingia mbio wakidhani tumeletewa habari. Bakari naye alikuja, akatuona pale chini, hakusema neno. Kwa Bakari hilo si jambo dogo.

Baada ya adhuhuri nikalitoa la mbele kushoto, nikaliviringisha hadi karakana. Bakari alitaka kusaidia nikamkatalia. Povu lilichemka kwenye rimu, upande wa ndani, kama mwenyewe alivyosema. Nikalibandua. Kulikuwa na kutu, na kwenye mdomo wa tairi mchanga mweupe wa Quionga, wa safari ile ya nazi, usiojaa hata ukucha. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikamalizia kwa msasa, nikapaka sabuni, nikarudisha. Kompresa ikasukuma, tairi likakaa mahali pake kwa kishindo. Nikapaka povu tena. Kimya.

Mteja angekuwa anakunywa chai tu, angekuta tayari. Hilo ndilo linaloniuma, kazi ilivyokuwa ndogo.

Ule mchanga nilifikiri niuhifadhi. Nikamsikia Saidi kabisa: unamfungia mwizi sandukuni? Nikaumwaga.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa itasomwa dua, na mimi nitaingia eda. Gari atalichukua Bakari. Nimempa sharti moja: yale matatu akitaka kuyaongeza upepo aongeze, kupunguza asipunguze. Ameniuliza atapitaje kwenye mchanga bila kupunguza. Nimemwambia azunguke.

Jioni hii nimepita uani. Lile la mbele kushoto limerudi garini, limesimama. Nimelipiga teke, limesimama. Nimetema mate kwenye kidole nikapaka kwenye valvu, hakuna povu.

Kesho asubuhi litakuwa bado limesimama, Saidi. Mimi nikiamka, kabla ya chai, niende wapi?