Kuponi Zilizokatwa kwa Rula

Jumatatu, 3 Machi
Maboksi kumi na moja kabla ya lanchi. Watu hudhani kuponi ya punguzo la bei ikishapokelewa na keshia imekufa. Inakuja kwetu, ghalani Mesquite, huku ughaibuni. Tunachambua, tuna-scan, kampuni za bidhaa zinamrudishia mwenye duka pesa zake. Leo fungu la kuponi za nepi kutoka duka dogo la mtaani kwetu. Kingo zimenyooka, hazina hata kunjo moja. Kuponi iliyopita mikononi mwa watu huchakaa. Hizi zilinuka wizi. Nikabandika alama nyekundu, zisilipwe. Supavaiza akanisifu. Nilifurahi.

Alhamisi, 13 Machi
Kwenye lile duka la mtaani kuna tangazo: hatupokei kuponi. Mwenye duka anashukiwa kughushi. Kina mama wa kanisani wanalalamika kwenye WhatsApp. Nimesoma, nikazima simu.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada Mama Neema alinialika kwake. Mkongo, mjane, ananiita mtoto wake. Mezani: magazeti, rula, wembe. Yeye ndiye huwakatia kuponi mama wenye watoto wachanga. Huzilaza ndani ya Biblia zisikunjike.
"Mutoto yangu, mwenye duka anasema tulimuletea shida. Sijue tulikosea wapi."
Nilikunywa chai yake. Nikaaga. Mwoga mimi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemweleza supavaiza. Akasema nilifuata sheria. Nikamwambia sheria haimjui Mama Neema. Akanitaka niandike barua ili fungu liangaliwe upya. Nimeandika kurasa mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemwambia Mama Neema. Aliweka wembe chini.
"Ni wewe?"
"Ni mimi, Mama. Nisamehe. Zilikuwa safi mno."
Akatazama mikono yake.
"Basi ningekata mubaya?"
Nililia kwenye gari, hapo hapo nje ya mlango wake.

Ijumaa, 28 Machi
Fungu limepitishwa. Mwenye duka amelipwa. Tangazo hajaliondoa. Anasema amechoka kuitwa mwizi. Simlaumu.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimempeleka Mama Neema na mama wawili kwenye duka kubwa, mbali kidogo. Nitawapeleka kila Jumamosi. Njiani alizungumzia mvua, na mjukuu wake aliyeanza shule. Lile jambo hakuligusa. Tuliporudi nikambebea mifuko hadi mlangoni.
Alinishukuru kwa Kiingereza, bila kuniita mtoto wake.