Nilishinda Maji kwa Sungusungu, Sasa Bodi Inaniita

Mshauri wetu, Bwana Yesu asifiwe. Nishike mkono, maana nimeshinda kesi na ushindi wenyewe hauniachi nilale. Huku kwetu Geita vijijini kuna kijito kinapita nyuma ya bustani yangu ya mchicha na nyanya, nayo naimwagilia kwa mfereji niliouchimba kutoka hapo, na jirani yangu Nkwabi alikiziba huko juu kwa viroba vya mchanga akavuta maji hadi kwenye mwalo wake wa kuoshea dhahabu, mchicha ukaanza kunyauka, nami nikakimbilia sungusungu, walinzi wetu wa jadi, kama tunavyofanya ng'ombe wakiibwa, mtemi, kiongozi wao, akaamua palepale kwamba maji ni yangu, Nkwabi aondoe viroba, na nyumba yake yote itengwe mpaka aombe radhi, hakuna kuwasalimia wala kuwauzia chumvi. Viroba kaondoa, radhi kagoma.

Sasa mkewe, Violeth, ni rafiki yangu, tunaimba naye sauti ya pili bega kwa bega na haturuhusiwi kusemeshana. Juzi kwenye mazoezi ya kwaya akafumba macho akaomba kwa sauti, "Ee Baba, mkumbushe mama Nelly sufuria yangu ya pilau anayo tangu Pasaka." Nami nikafumba yangu, "Baba, mwambie Violeth nitaiacha mlangoni kwake." Kwaya nzima ikaitika amina.

Kumbe Nkwabi kapeleka malalamiko Bodi ya Maji ya Bonde. Afisa wao kaja, kapima kijito, kaniambia, "Mama, sungusungu hawaamui maji. Na huu mfereji wako una kibali?" Sina. Bodi inatuita wote wawili. Mtemi naye ananionya, "Ukienda kwa hao wenye suruali za pasi, tutakutenga na wewe." Mume wangu Enock anasema nitulie, maji si yanakuja? Nikienda naogopa nitanyang'anywa. Niende?

Mama Nelly, Geita

Mama Nelly, kwenye sufuria nimecheka. Kwingine umenikera. Ulipeleka kesi ya maji kwa watu wanaofuata nyayo za ng'ombe, na maji hayaachi nyayo. Hukumu ya mtemi uliifurahia kwa sababu ilikupendelea. Akija mtemi mwingine aliye shemeji wa Nkwabi, utalia kwa nani? Bodi ndiyo sheria imeipa kazi ya kusema nani achukue maji wapi na kiasi gani. Usipokwenda, watamsikiliza Nkwabi peke yake.

Nenda. Ombea mfereji wako kibali, na kubali ukweli kwamba hata wewe ulikuwa unavuta maji bila ruhusa. Wakikupunguzia, punguza matuta ya nyanya. Usiporidhika, kuna rufaa, ambayo mtemi hakukupa wewe wala Nkwabi. Na waulize zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu huko mwaloni, inaishia wapi, maana mchicha huo watoto wako wanaula, na sungusungu hawakuuliza. Mtemi akikutisha tena, mwone mtendaji wa kijiji mapema, Enock akusindikize badala ya kukunyamazisha.

Jumapili fumba macho uombe, "Baba, mwambie Violeth siku ya bodi tupande gari moja." Sufuria usiiache mlangoni. Mpe mkononi, mtemi akitazama, na isirudi tupu.